Waliotembea misitu ya misonobari ya kusini mwa Marekani, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Houston

Wakuu, habari za jioni. Naona tulioko huku kusini tunazidi kupenda kwenda porini wikiendi, ila wengi tunaingia na akili ya Kilimanjaro na Usambara: mwinuko, baridi, viatu vizito. Huku kwetu Houston hakuna mlima. Msitu wa Sam Houston, kaskazini mwa jiji letu, ni zaidi ya ekari 160,000 za ardhi karibu tambarare, na njia ya Lone Star Hiking Trail inaukata kwa maili 96. Ukijumlisha na vijia vya mzunguko zinafika 128. Na bado watu wenye pumzi zao wanatoka humo wamelegea kabisa.

Kinachowamaliza ni unyevunyevu. Jasho linapoza mwili pale linapokauka tu. Mwezi wa Julai, chini ya misonobari ile, upepo hausogei; shati linalowa mapema na halikauki mpaka unarudi kwenye gari, na joto linabaki mwilini. Kuanzia Juni hadi Septemba mimi naingia alfajiri, saa nne asubuhi niko nje, na maji nabeba pamoja na chumvichumvi za kuchanganya. Ukiona mwenzio amekuwa mzito wa kujibu au anaongea mambo yasiyoeleweka, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee na uite msaada. Usimwambie ajikaze.

Kila mmoja aseme alikotembea na yaliyomkuta.

Mama wa Kisauni, sasa Alabama

Mimi nina la kupe, na naomba msilipite.

Mume wangu aliumwa nyuma ya goti tulipokuwa msitu wa Conecuh. Kupe mwenyewe alikuwa na doa moja jeupe mgongoni. Tukamtoa kwa kibanio, mambo yakaisha. Wiki kadhaa baadaye tukachoma mbuzi jioni na jamaa. Saa nane za usiku mume wangu akaamka mwili mzima mabaka, midomo imefura, pumzi inakata. Tulipokwenda mara ya kwanza tuliambiwa ni samaki, na samaki hakuwa amekula! Ni daktari wa mzio aliyeagiza kipimo cha damu, kikaonyesha alpha-gal. Hiyo ni sukari iliyomo kwenye nyama ya wanyama wanaonyonyesha, na kuumwa na kupe huyu kunaweza kuufanya mwili uanze kuikataa. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, vyote hagusi tena. Kuku na samaki anakula.

Linalowapotosha watu ni kuchelewa kwake: mara nyingi linakuja saa mbili hadi sita baada ya kula, mtu hawezi kukisia kwamba ni ile nyama. Idi kwetu imekuwa ya kuku, na tumezoea.

Siku hizi suruali tunachomeka ndani ya soksi. Nguo na viatu tunavipulizia permethrini, dawa ya jamii ya zile za vyandarua, na tunaziacha zikauke kabla ya kuvaa. Kwenye ngozi haipakwi. Tukirudi tunakaguana kwapani, kinenani, nyuma ya masikio na kwenye nywele za watoto.

Mwana Uvira, Houston

Bandugu, asante kwa hiyo ya kupe. Mutaje pia vile vidudu vyekundu vidogo sana, jicho halivione vizuri. Vinapanda ku magulu, vinasimama pale nguo inabana: mukaba, soksi. Kesho yake unaanza kujikuna, na inaweza kuchukua juma nzima. Batu banasema vinaingia mu ngozi na kukaa. Hapana, vinauma halafu vinaanguka. Mimi nikitoka mu pori, nguo yote inaenda mu mashini na maji ya moto, na mimi mu duche na sabuni mbele ya kukaa ku kiti.

Swali: mwezi wa kumi na moja tunataka kwenda kulala Sam Houston na batoto. Nasikia kunakuwa bawindaji?

Bwana Miti, Mafinga

Mimi niko Sao Hill, kazi yangu ni misitu, ila nilifika Louisiana kumtembelea mdogo wangu, akanipeleka msitu wa Kisatchie. Huku kwetu paina, yaani misonobari, nyingi ni aina ya patula, asili yake Mexico, tumezipanda kwa mistari, na moto ndiye adui namba moja. Kule nilikuta wahifadhi wanauchoma msitu wenyewe, kwa mpango!

Sababu ni msonobari wa majani marefu. Zamani ulitanda kutoka Virginia hadi Texas, ekari zipatazo milioni 90, ukavunwa kwa mbao na lami hadi ikabaki sehemu ndogo sana. Mche wake niliuinamia nikadhani ni shungi la nyasi. Unakaa hivyo miaka kadhaa ukishusha mzizi. Moto ukipita, majani marefu yanaungua kwa nje na kichipukizi cha katikati kinasalimika. Bila moto vichaka vinaufunika na unakufa. Kwa hiyo mkikuta mashina meusi kwa chini, mara nyingi ni kazi iliyofanywa kwa makusudi.

Kingine, angalieni juu. Mdogo wangu alinionyesha mti mzima, hai, wenye tundu, na utomvu mweupe umechuruzika kuanzia tundu lile kushuka chini. Ni kazi ya kigogota mmoja mdogo anayetoboa misonobari iliyo hai, kisha anadonoadonoa pembeni ili utomvu uendelee kutiririka na kumzuia nyoka kupanda. Mwaka 2024 aliondolewa kwenye kundi la walio hatarini zaidi, lakini bado analindwa. Nilisimama pale mpaka nikaitwa.

Mwanafunzi, Tallahassee

Mimi nilitembea msitu wa Apalachicola huku Florida, sehemu ya Bradwell Bay. Njia ipo ramani inaonyesha, ila chini ni maji, mara magotini, mara kiunoni, rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya majani yanayooza. Fimbo ni lazima, hatua moja moja. Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ngurumo zikianza mchana wa kiangazi, geuza.

Mwanzisha mada

@Mwana Uvira, ni kweli. Msimu wa bunduki wa kulungu unaanza mwanzoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Januari. Kila mmoja avae kizibao cha rangi ya machungwa inayowaka, hata mbwa kama mnaye. Kipindi hicho kulala popote porini hairuhusiwi, ni kwenye kambi zilizotengwa tu. Kwa watoto ningependekeza Double Lake, karibu na Coldspring, ila piga simu ofisi ya msitu kwanza, kambi hufungwa kwa matengenezo. Niambie watoto ni wangapi na wa umri gani, vizibao vidogo ninavyo nyumbani.