Tupeane uzoefu: umemaliza marathoni Tokyo, zimebaki siku mbili za kutembea. Ulienda wapi, na miguu ilikwambia nini?

MguuMzito: Wakuu, heshima mbele. Jana usiku nimerudia ile video ya Mtanzania wetu Simbu, marathoni ya mashindano ya dunia, Septemba 2025, anamchomoa Mjerumani Petros kwenye mstari pale uwanjani Tokyo. Wote wawili 2:09:48, dhahabu imepatikana kwa kifua. Nikalia kidogo, sitaficha. Halafu nikakumbuka yangu, mji uleule: saa 5 na dakika 50.

Ila mbio hazikuniua. Kilichoniua ni Nikko, Jumatatu yake. Unajua fomu za viza zinataka ratiba ya siku kwa siku, na mimi nikiwa nimekaa zangu Arusha nimeandika "Nikko, kutembelea mahekalu", roho kwatu. Treni kutoka stesheni ya Asakusa, Tokyo, ni mwendo wa kama saa mbili, nimelala njia nzima. Kushuka, magoti yamekuwa mbao. Nikaona wale nyani watatu waliochongwa, sioni, sisikii, sisemi, nikapiga picha, nikaona yule paka aliyelala. Kumbe mlango wa paka ndio unakupeleka kwenye kaburi la Tokugawa Ieyasu, yule mtawala wao wa kijeshi wa zamani, na huko juu ni ngazi za mawe 207. Kupanda nilipanda. Kushuka sasa! Nilishuka kinyumenyume nimekumbatia ukingo wa mawe kama mgema aliyelewa tembo yake mwenyewe. Bibi mwenye mkongojo akanipita. Watoto wa shule wenye kofia za njano wakasimama pembeni kunipisha, wakainamisha vichwa kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko misuli.

Haya, na nyie semeni.

Kaptula: 207, nathibitisha. Mimi ya 60 nilikaa chini nikasema Ieyasu anisamehe.

BintiPangani: Umenikumbusha aibu yangu ya Kyoto. Sisi tulikuwa watatu, tukalipia ile shughuli ya kunywa chai kwa utaratibu wao. Nikajua kunywa chai ndiyo mapumziko yenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba unakaa umekunja magoti, makalio juu ya visigino, siku moja baada ya kilomita 42!

Mwanzo nilijikaza. Mama aliyevaa kimono anafuta kijiko cha mianzi taratibu, anakoroga ule unga wa kijani, chumba kimya mpaka unasikia maji yakichemka kwenye chungu. Wanakupa kitu kitamu kwanza ndipo chai, maana chai yenyewe chungu kama mwarobaini. Nikapokea bakuli, nikaligeuza nilivyoelekezwa, nikanywa. Mpaka hapo mgeni rasmi. Kumbe kuanzia nyonga kwenda chini sina mtu. Tulipoambiwa tuinuke nikainuka mimi, miguu ikabaki. Nimeanguka ubavu juu ya mkeka, puu! Mama yule akaja mbio kwa hatua fupi fupi, akaniletea kigoda. KIGODA KILIKUWEPO MUDA WOTE. Ombeni kigoda au kiti mapema, jamani, hawakasiriki.

Mswaki_wa_Mti: Nimecheka mpaka bosi kaniangalia.

Abiria77: Kyoto ndiyo kwenyewe. Nunueni ile pasi ya treni ya wiki nzima, mnaenda mnakotaka.

Mhasibu_Mstaafu: Mkuu unaishi mwaka gani? Pasi ya siku saba ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 mpaka 50,000. Tokyo kwenda Kyoto na kurudi kwa treni ya kasi haifiki yeni 30,000. Mtu ana siku mbili, unamuingiza hasara ya bure.

Abiria77: Mimi 2019 ilinilipa.

Mhasibu_Mstaafu: 2019 hata sukari ilikuwa bei nyingine.

Jirani_wa_Iten: Jamani ndugu zetu, msitupigie kelele sana na hiyo dhahabu. Kipchoge alipita barabara za Tokyo Machi 2022 kwa 2:02:40.

MguuMzito: Jirani, Juma Ikangaa wetu ameshinda Tokyo 1984 na 1986. Karibu chai, lakini ya kukalia magoti.

Kipara_wa_Njiro: Mimi nilikuwa sitaki kuandika. Mke wangu tu ndiye anajua.

Jumatatu nikaenda Hakone, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa treni kutoka Shinjuku pale Tokyo, kwenye mabafu ya chemchemi za maji moto. Niliambiwa yanatoa uchovu wote. Sheria: unavua kila kitu. Kila kitu. Unakaa kwenye kistuli, unajisugua sabuni mpaka unatakata, ndipo unaingia. Unapewa kitaulo cha ukubwa wa leso ya mkononi, nacho hakitakiwi kugusa maji. Mimi nikaingia nimejifunga kile kitaulo mbele. Babu mmoja ndani ya maji akanyanyua kidole, akanionyesha kichwani kwake: taulo amelikunja, kalitua utosini kama kata ya kubebea ndoo. Nikafanya hivyo.

Maji matamu mno. Nikakaa. Nikakaa tena. Mapaja yanalegea, nasema Mungu awabariki Wajapani. Nikasimama ghafla. Dunia ikazima taa.

Nilipozinduka nimelazwa kwenye benchi chumba cha kuvulia nguo, babu ananipepea kwa kikapu, kijana kanishika miguu juu. Na hapo hapo akaingia mama wa usafi na mopu yake. Wanaume kumi uchi, yeye anafuta sakafu kana kwamba yuko barazani kwake! Babu akachukua taulo lake mwenyewe, akanifunika panapohusika. Halafu akaenda kwenye mashine akaninunulia chupa ya maziwa baridi. Sijui hata neno moja la lugha yake. Nilimwambia "shikamoo" mara tatu.

Kaptula: Uzi umeisha. Nikko mnisamehe.

Sindano_Salama: Mimi ni muuguzi. Umetoka kukimbia, maji mwilini haba, unaingia kwenye moto: mishipa inatanuka, presha inashuka, ukisimama haraka damu haifiki kichwani. Kunywa maji kwanza, dakika tano zinatosha, inuka polepole.

Mzee_wa_Mzunguko_wa_Mwisho: Dakika tano ni dharau kwa maji. Mimi hukaa nusu saa.

Sindano_Salama: Na wewe andika wosia, mzee wangu.

Ustadhi_Mkimbiaji: Mimi hapo nimekwama. Kuvua mbele za watu haiwezekani, ndugu zangu.

Kipara_wa_Njiro: Hakuna anayekuangalia, shekhe.

Ustadhi_Mkimbiaji: Umeangaliwa na mama wa mopu.

BintiPangani: Msigombane, hoteli nyingi za kule zina bafu la faragha la kukodi, mnafunga mlango. Hata mwenye tatoo atumie hilo, maana bafu la wote wengi wanamkatalia.

Ustadhi_Mkimbiaji: Hapo sawa. Mimi Machi 2, 2025 mbio ziligongana na kuingia kwa Ramadhani. Msafiri ana ruhusa, nikala, nikakimbia. Kesho yake sikwenda mbali: Msikiti wa Tokyo, Yoyogi-Uehara, vituo vichache kutoka Shinjuku. Umejengwa kwa mtindo wa Kituruki, kuba lake ndani ukilitazama unasahau nyonga. Nilifuturu pale katikati ya Mjapani na Mwindonesia. Huo nao ni utalii wa utamaduni. Na supu za tambi mjini ulizeni, nyingi mchuzi wake ni wa nguruwe.

Abiria77: Kwa wenye magoti mabovu, Kamakura. Mwendo wa saa moja tu kutoka Tokyo, na yule Buddha mkubwa wa shaba hana hata paa, hekalu lake lilishabomoka karne nyingi. Kakaa chini anakusubiri.

Mhasibu_Mstaafu: Leo umesema la maana. Na begi kubwa waachieni mapokezi hotelini walitume hoteli ya pili, linafika kesho yake. Kuliburuta kwenye ngazi za stesheni ni marathoni nyingine.

Mswaki_wa_Mti: Kipara, swali moja. Taulo la babu ulirudisha?

Kipara_wa_Njiro: Ninalo. Alikataa kulipokea.

Kaptula: Hata mimi ningekataa.