Naombeni ushauri: uchumi mbaya na uchaguzi wa katikati ya muhula Marekani

Wakuu habari za mihangaiko, nina mdahalo chuoni wiki ijayo na nimepangiwa kutetea kwamba uchumi ukiyumba lazima chama cha rais wa Marekani kipigwe kwenye uchaguzi wa wabunge ule wa katikati ya muhula. Mwanzoni niliona mteremko tu, maana 2010 watu hawana kazi, mabenki yanachukua nyumba, chama cha Obama kikapoteza viti 63 Bunge la Wawakilishi, na 1982 ukosefu wa ajira umepita asilimia 10, cha Reagan kikapoteza 26.

Shida ni 1934. Mdororo Mkuu, ule wa uchumi wa miaka ya 1930, bado unawatafuna watu lakini chama cha Roosevelt kikaongeza viti kote, Wawakilishi hadi Seneti! Halafu 2022 mfumuko wa bei uligonga asilimia 9 mwezi wa sita, petroli haishikiki, mie nikajua Biden kwisha habari yake, kumbe chama chake kilipoteza viti 9 tu vya Wawakilishi na Seneti wakabaki nayo.

Sasa mliosoma siasa au mlioko huko, nijiteteeje wakinirushia hiyo 1934? Nimefikiria kusema wapigakura walikuwa bado wanamlaumu Hoover, rais aliyemtangulia Roosevelt, ila mpinzani wangu mjanja sana huyo, atauliza mbona 2010 lawama hazikwenda kwa Bush aliyemtangulia Obama. Au niitaje mwenyewe mapema kabla hawajaiibua? Na msinijibu "chagua upande mwingine", upande hauchaguliwi.