Ukoo wa Tabata: SAT ya Rama

Mama Rama: Habari za jioni wanaukoo. Rama anajiandaa na SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kuna mwalimu Sinza anataka laki tano kwa mwezi jmn mnasemaje

Baba Mdogo Hamisi: Laki 5 shem!! Kwani anamfundisha yeye au darasa zima

Asha: Shkamoo mama mdogo. Usitoe hela kwanza. Apakue Bluebook, ndo programu yenyewe wanayofanyia mtihani, ina mitihani kamili ya majaribio bure kabisa, na Khan Academy, tovuti ya masomo, nayo bure. Ila simu haifai, lazima laptopu au kishikwambi, sisi wa nje ya Marekani karatasi ziliondolewa tangu 2023

Mama Rama: Marhaba mwanangu. Laptopu ya baba ake ipo. Na umeme ukikatika?

Asha: Betri ijae tu, mtihani unachukua saa 2 na dakika 14

Rama: Shkamooni. Tatizo langu muda, hesabu nazijua ila muda unaisha nipo katikati

Asha: Tupia swali moja lililokuchelewesha

Rama: 📷

Baba Mdogo Hamisi: Andika kwa kiswahili sina miwani hapa

Rama: Bei imepunguzwa asilimia 20, halafu hiyo bei mpya ikapandishwa asilimia 20. Sasa ni asilimia ngapi ya bei ya mwanzo

Shangazi Mwajuma: Si imerudi pale pale

Baba Mdogo Hamisi: Weee dada hapo umeliwa 😂 shati la 50,000 nikishusha 20 linakuwa 40,000, nikipandisha 20 ya hiyo 40 ni elfu 8, jumla 48,000. Asilimia 96 hiyo

Shangazi Mwajuma: Kumbe ndo maana dukani kwako hupunguzi hata mia

Rama: Daah mi nimeweka x nikashusha mistari ukurasa mzima

Asha: Hapo hapo ndo unapoliwa muda. Mitihani yetu ya taifa ya NECTA njia ina maksi, hata jibu la mwisho likigoma unaambulia kitu. SAT hakuna anayeiona njia yako. Hesabu ni maswali 44 dakika 70, wamegawa vipande viwili, 22 kwa dakika 35, yaani swali moja ni dakika moja na nusu hivi. Fanya kama ba mdogo, weka 100, shusha, pandisha, tembea. Na usiache wazi hata moja, ukikosa hawakati maksi. Kipande cha kwanza ukikifanya vizuri cha pili kinakuja kigumu, usitishike, maksi za juu ziko huko

Mama Rama: Yaani akifaulu ndo anaongezewa ugumu?? Makubwa

Asha: 😂😂 ndo zao. Jingine, akimaliza jaribio asikimbilie lingine, akae na aliyokosa aone kila moja lilimponyoka wapi, kutojua au haraka au kusoma swali nusu. Mi hapo ndo nilipandia, majaribio matupu bila kurudi nyuma unajichosha bure. Na pasipoti ianze kushughulikiwa mapema maana ndo kitambulisho kisicho na maneno mlangoni

Baba Mdogo Hamisi: Pasipoti niachieni mimi

Mama Rama: Asante shem, Mungu akuzidishie. Basi mwalimu namwambia asubiri. Rama futa hizo muvi kwenye laptopu, jaribio Jumamosi asubuhi

Rama: Mama zote?? 😩

Mama Rama: Zote