Wenye sukari mliobadili msosi macho yakaleta mambo, tupeane uzoefu

Fundi wa Pasua: Wakuu, mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Nilipimwa sukari ikasoma 19. Wakanipa vidonge, wakasema punguza wanga. Soda basi, chai bila sukari, machalari ya ndizi nakula ya kuonja tu. Kiu ya usiku imekata na sukari inacheza kwenye 8. Ila sasa bango la ng'ambo ya barabara nalisoma vizuri, uzi kwenye sindano hauingii! Zamani ilikuwa kinyume. Kuna mwingine?

Mama Kiborloni: Mimi hapa. Nilidhani nimerogwa na mke mwenza.

Chuma cha Njoro: Njaa hiyo fundi. Kula ugali.

Noah ya Usa: Fundi, yako ina nafuu. Nina sukari miaka mingi, macho sijawahi kupima, ya nini wakati naona? Shemeji akanishawishi niache wanga wote, nyama, mayai na parachichi tu. Sukari ikaporomoka kweli, nikawa natamba kijiweni. Jioni moja natoka Moshi na abiria, nimeipita Boma, nakaribia njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, jicho la kulia likashuka kitu cheusi kama wino kwenye ndoo ya maji. Nafuta, hakitoki. Nageuza jicho, nacho kinageuka. Nikaegesha pembeni. Konda hajui kuendesha, mama mmoja wa Kimeru nyuma ameshaanza sala kwa sauti, na kijana mmoja anadai nauli yake, hataki hata kusikia! Hospitali wakasema vishipa vya nyuma ya jicho vilishaharibika siku nyingi na kimoja kimevuja damu. Nikapigwa leza, kisha sindano. Nauliza ya wapi? Ya jicho. Nikautafuta mlango.

Mama Kiborloni: Yesu wangu. Pole sana baba.

Binti Ngarenaro: Sindano ya JICHO? Inauma?

Noah ya Usa: Wanatia matone ya ganzi kwanza. Unasikia kama unasukumwa, basi. Kazi ni kuiona inakuja.

Chuma cha Njoro: Nauli ulirudisha?

Noah ya Usa: Nusu.

Mzee wa Kibosho: Mnaona sasa? Chakula cha wazee hakina shida. Mbege ni ulezi na ndizi, hakuna kemikali.

Binti Ngarenaro: Mzee shikamoo, lakini hapo hapana. Baba yangu mdogo alikuwa wa mbege hiyo hiyo, leo ana mguu mmoja.

Mzee wa Kibosho: Marahaba. Baba yako mdogo alikuwa na gongo pia, usimsingizie mbege.

Binti Ngarenaro: Unamjua wapi wewe?!

Tiba Asili Tengeru: Njooni inbox, nina unga wa mlonge unasafisha macho wiki moja, miwani unatupa.

Noah ya Usa: Mlonge ni mboga, kula. Ila ukiniambia unaziba mshipa uliopasuka nakufuata hapo Tengeru.

Muuguzi Kliniki ya Sukari: Fundi na Noah wana mambo mawili tofauti, msiyachanganye. Sukari ikikaa juu muda mrefu, lenzi ya jicho hubadilika umbo. Ikishuka haraka, iwe kwa chakula au kwa dawa, lenzi inabadilika tena, na wengi huona ukungu wakitazama vitu vya karibu. Hutulia yenyewe baada ya wiki kadhaa. Fundi, usipime miwani ya kudumu sasa.

Ya Noah ni retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nayo huharibika kimya kimya. Si parachichi iliyoiharibu, ni miaka ya sukari kuwa juu. Ila mwenye retina mbovu tayari, sukari ikishushwa ghafla retina inaweza kuharibika zaidi kwanza. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotoka 1993 uliliona hilo, na uliona pia kwamba miaka ilivyokwenda, walioshusha sukari macho yao yalikuwa salama zaidi. Kwa hiyo macho yaangaliwe kabla hujaanza mlo wa kufyeka kila kitu, halafu kila mwaka. KCMC, hospitali ya rufaa hapo Moshi, wana idara ya macho.

Chuma cha Njoro: Mimi nikiruka mlo naona kitu kimoja kama viwili, jasho linanitoka. Nachoma insulini.

Muuguzi Kliniki ya Sukari: Hiyo ni sukari kushuka mno kaka, ni hatari. Usiruke mlo, tembea na pipi, na umwambie daktari wako.

Chuma cha Njoro: Mwenye sukari anaambiwa ale pipi. Nchi hii.

Fundi wa Pasua: Asante dada. Nina sare za shule za kumaliza, wiki kadhaa ni nyingi.

Mama Kiborloni: Mwite mtoto akutungie uzi. Kwani wewe ndiye fundi mwenye sare ya mwanangu???

Binti Ngarenaro: Nampeleka bibi kupimwa macho Alhamisi. Naweza kumrudisha na boda?

Muuguzi Kliniki ya Sukari: Watamtia matone ya kupanua mboni, saa kadhaa haoni vizuri na jua linamuumiza. Mtafutie kofia, mpande daladala.

Noah ya Usa: Au nipigieni, nauli nzima safari hii.