Amenipokonya kiti mbele ya wagonjwa, eti "serikali haikulipi kukaa"!

Intani_Mchovu:

Jamani wanajukwaa, leo sina salamu. Nimetoka wodini sasa hivi, mikono bado inatetemeka, na nikinyamaza nitapasuka.

Mnamjua, bosi wetu. Simtaji jina, lakini mnamjua. Yule ambaye tumbo lake linaingia wodini dakika tano kabla yake. Yule ambaye gari lake linaijua njia ya Kampala kuliko njia ya kuja kazini. Yule ambaye siku ya Jumamosi hajaonekana hospitalini tangu enzi za Amin. Huyo huyo.

Leo Jumapili kaonekana. Saa nane mchana. Ana wageni, ana mpiga picha, ana vijana wawili wa kumbebea maji ya chupa.

Mimi niko hapo tangu Ijumaa jioni. Mimi ni intani, daktari mpya aliye kwenye mazoezi ya kazi. Kwenye karatasi niko chini ya daktari mkubwa anayenisimamia. Ikifika mwisho wa wiki niko chini ya dari, basi. Wodi ya wazazi wanaita dokta, watoto wanaita dokta, mapokezi wanaita dokta, na dokta wa kuitwa ni mimi. Mkubwa wa zamu nimempigia simu mpaka yule mwanamke wa "nambari unayopiga haipatikani" nimemzoea sauti. Maabara ina mtu mmoja, akienda kula, damu ya kupimwa inamsubiri. Eksirei imefungwa mpaka Jumatatu, aliyevunjika mguu Ijumaa usiku avumilie na mguu wake.

Mchana huu nimetoka kwenye upasuaji. Mama mzima, mtoto mzima, namshukuru Mungu. Nikaketi niandike taarifa ya upasuaji, maana isipoandikwa, anayeingia zamu baada yangu hajui mama kapewa nini na kavuja damu kiasi gani. Wodi nzima ina kiti KIMOJA. Cha mbao. Nimekikalia, kalamu mkononi.

Akaja kwa nyuma. Hakuuliza habari za kazi. Hakusema poleni. Akakishika kiti mgongoni, akakitikisa kama anayefukuza kuku kwenye mtama, akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Binti, inuka. Serikali haikulipi kukaa."

Nikainuka. Kiti akakichukua akampa mgeni wake. Na mgeni mwenyewe hakukaa! Akaweka MKOBA. Mkoba umekaa, daktari kasimama, akina mama wote vitandani wanatazama chini kwa aibu ambayo si yao.

Haikulipi kukaa! Serikali hainilipi hata kusimama! Mwaka 2021 Rais wa hapa kwetu Uganda aliahidi intani shilingi milioni 2 na nusu kwa mwezi. Mwaka 2023 baraza la mawaziri likaikata ikawa milioni 1. Na hiyo milioni ya mwezi uliopita mimi bado naisikia kwa jina tu. Nakopa nauli ya boda kuja kufanya upasuaji!

Halafu akambeba mtoto. Mtoto niliyemtoa mimi tumboni mwa mama yake! "Piga hapa. Piga na hapa, nembo ionekane." Mimi niko kando, naandika taarifa nimesimama, daftari nimelilaza kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa. Na mkoba umekaa.

Mkoba, jamani. MKOBA.

Mwana_Bombo:

Pole sana dokta. Huyo namjua, nikasoma mstari wa tumbo nikajua ni yeye. Kwetu alikuja mwaka jana akauliza kwa nini wodi inanuka. Maji hayakuwa yakitoka, na wa kuleta maji ni yeye.

Afande_Mstaafu:

Binti, jeshini mkubwa akiingia unasimama. Hilo halina mjadala. Na jeshini hakuna wikendi. Mwaka 2017 nyinyi madaktari mlipogoma, waliokwenda kuziba pengo hospitalini ni madaktari wa jeshi, na hatukusikia habari za viti.

Intani_Mchovu:

Afande, shikamoo. Sikukaa kwa dharau, nilikuwa naandika. Kuandika ni kazi. Na ningesimama mwenyewe kama angenipa hata nusu dakika! Alikitikisa kiti nikiwa juu yake! Halafu akaweka mkoba!

Boda_wa_Steji:

Dokta nitakuletea kiti cha plastiki kutoka soko la Owino, Kampala, nakufungia kwenye boda mpaka mlango wa wodi. Bei ya ndugu. Rangi unataka gani?

Mama_Busia:

Mimi namwonea huruma daktari lakini na mimi niseme langu. Baba mkwe aliugua Ijumaa usiku tukampeleka hospitali ya serikali. Jumamosi hakuna daktari. Jumapili hakuna daktari. Tunaambiwa "musawo atakuja", yaani daktari. Jumatatu saa nne akatokea ameoga, amenukia, akatuandikia dawa tukanunue nje. Serikali ilifuta malipo ya wagonjwa mwaka 2001, lakini mimi nimelipa glavu, nimelipa sindano, nimelipa mafuta ya ambulensi. Sasa wewe unalilia kiti?

Kijana_Jinja:

@Mama_Busia huyo daktari wa Jumatatu, Jumamosi alikuwa kwenye kilinika yake barabara ya pili, ungekwenda na pesa ungemkuta amekaa. Tena kwenye kiti cha kuzunguka.

Dokta_Kijijini:

Acheni kuwachapa madaktari bila kujua hesabu. Mimi niko kituo cha afya daraja la nne, kile chenye chumba cha upasuaji. Kwa muundo tulioukuta kazini, madaktari ni wawili. Wiki ina saa 168. Gawanya kwa mbili, ni saa 84 kila mmoja, na hapo hakuna aliyeugua, hakuna aliyefiwa, hakuna aliyeitwa semina Kampala. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema saa 48 kwa wiki. Sasa niambieni hizo 36 zinazobaki nazitoa kwenye mwili gani. Mwenzangu akienda likizo mimi ndiye Ijumaa, mimi ndiye Jumamosi, mimi ndiye Jumapili, na Jumatatu asubuhi watu wananiangalia nimechelewa nusu saa wanasema "ndiyo hao".

Na intani kuachwa peke yake mwisho wa wiki ni hatari kwa mgonjwa. Intani anajifunza. Anatakiwa awe na mkubwa wa kumuuliza hapo hapo, si kwenye simu iliyozimwa.

Jicho_Pevu_Masaka:

Dokta wa kijijini, si mliongezewa? Tangu Julai 2022 daktari anapokea milioni 5. Kwa milioni 5 mimi ningekesha nimesimama kwa mguu mmoja.

Dokta_Kijijini:

Kodi ya mshahara peke yake inachukua kama milioni 1.4. Nashukuru kwa nyongeza, sikatai, imesaidia. Lakini nyongeza hainizai mara mbili. Unaweza kunilipa hata milioni 20, Jumapili usiku bado niko mmoja na wajawazito wawili wanahitaji upasuaji saa ile ile. Wizara inasema hakuna bajeti ya kuajiri, na vijana waliomaliza intani wamekaa nyumbani na vyeti. Hilo ndilo linaloniuma.

Nesi_wa_Usiku:

Mmeanza. Madaktari wanalia, watu wanawapa pole. Nani aliyekaa na hao akina mama usiku kucha? Muuguzi mmoja, wodi imejaa mpaka sakafuni, wengine wamelala kwenye mikeka chini ya vitanda vya wenzao. Na mwaka 2022 wauguzi tuliweka chini vifaa kudai nyongeza, tukaitwa wauaji. Dokta akigoma anaitwa mtaalamu mwenye hoja.

Halafu wewe intani, hicho kiti unachokililia ni kiti cha wauguzi. Kimeandikwa nyuma kwa rangi nyeupe. Nani alikupa?

Intani_Mchovu:

Sista, niliomba ruhusa kwa dada wa zamu! Akaniambia kaa, umechoka! Mimi na wauguzi hatuna ugomvi, wao ndio walioninunulia kikomando, chapati na maharage, nile. Ugomvi wangu ni na yule. Alikuwa na ofisi yenye viti sita na kapeti, wageni wake angewakalisha huko. Akaja kuchukua hiki. KIMOJA.

Afande_Mstaafu:

Viti sita ulivihesabu lini?

Intani_Mchovu:

Nilipokwenda kuulizia posho yangu. Nilisimama, hakuniambia kaa.

Mwana_Bombo:

Mnakumbuka Aprili 2023, ile mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo na wenzake walipoanzisha maonyesho ya afya mtandaoni? Watu walitoa picha za vyoo, vitanda, dari zilizoanguka, na visa vya watu waliofiwa kwa kukosa huduma. Dokta ungekuwepo na picha ya ule mkoba ungeshinda.

Kijana_Jinja:

Yalianza maonyesho ya mashimo ya barabara Kampala, ya afya yakafuata. Na mashimo mengine niliyoyaona kwenye zile picha bado nayapita na pikipiki kila asubuhi.

Mwalimu_Historia:

Jamani madaktari, nyinyi angalau ni sayansi. Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada akapewa milioni 4. Mimi nina shahada ile ile, chuo kile kile, tulikaa bweni moja, nafundisha historia, hata robo tatu ya hapo sifiki. Juni 2022 sisi wa UNATU, chama cha walimu, tukagoma. Tukaambiwa turudi darasani, zamu yetu itafika. Chumba cha walimu tuna viti vya kutosha, hilo sikatai. Nitakula kiti?

Jicho_Pevu_Masaka:

Mwalimu historia ya nini, wanafunzi wanasoma kwenye simu siku hizi.

Mwalimu_Historia:

Aliyekufundisha kusoma huo uzi unaoukejeli ni mwalimu wa masomo ya sanaa, kama mimi.

Mama_Busia:

Mwalimu kasema kweli. Na ada? Shule ya serikali, elimu bure, nimeambiwa nilete pesa ya maendeleo, ufagio, na karatasi za kuchapia mtihani.

Dokta_Kijijini:

Mnasahau walikotaka kutupeleka. Mwaka 2014 na 2015 serikali ilikuwa inapanga kupeleka wataalamu wa afya zaidi ya 200 Trinidad na Tobago, huku wilayani hakuna wa kupasua. Watu wakaenda mahakamani. Na baada ya mgomo wa 2017 ikaja habari ya kuleta madaktari wa Kuba. Wetu waende visiwani, wa visiwani waje kwetu. Nani aliyekaa akapanga hivyo?

Boda_wa_Steji:

Aliyekaa! Kumbe kuna waliokaa!

Kijana_Jinja:

Wapo wamekaa kwenye magari. Mwaka 2021 kila mbunge alipewa milioni 200 anunue gari. Wako zaidi ya 500. Hiyo ni zaidi ya bilioni 100 kwa magari tu. Intani anakatwa kutoka milioni 2 na nusu eti pesa hakuna.

Afande_Mstaafu:

Mbunge wetu alikuja na lile gari likakwama kwenye matope hapa kijijini, tukalisukuma sisi. Wastaafu. Na kiinua mgongo changu bado kinazunguka ofisini, kila nikienda naambiwa faili liko mezani.

Intani_Mchovu:

Nimerudi. Nimelala kidogo, nimeamka nauona mkoba. Mweusi, una zipu ya dhahabu. Kesho ni Jumatatu, atakuwepo kwenye kikao cha asubuhi, na ataniuliza mbele ya watu kwa nini taarifa ya upasuaji imeandikwa kwa mwandiko mbaya. Nitamwambia. Wallahi nitamwambia.

Nesi_wa_Usiku:

Mwambie. Na umwambie kiti kirudi, kimebaki verandani walikopigia picha ya mwisho, mlinzi kakikalia.

Mwalimu_Historia:

Afande, faili lako liko meza ya wilaya au ya wizara? Langu la kupandishwa cheo liko wilayani, nimeambiwa anayelishika yuko likizo.

Afande_Mstaafu:

Wizarani, mwalimu. Huyo wa kwako likizo yake ilianza lini?

Mwalimu_Historia:

Kabla ya mitihani ya mwaka jana.

Boda_wa_Steji:

Mwalimu, nani mwenye hilo faili? Nikijua anakokaa nakupeleka mpaka kwake, steji yetu tunawajua wote. Nauli ya kwenda na kurudi, kusubiri bure.

Mama_Busia:

Boda wewe wiki iliyopita ulinitoza elfu tano kutoka soko mpaka mpakani, na mvua haikuwa imenyesha. Hilo tulizungumze hapa hapa.