Fantasi ya besiboli kwa kadi za kidijitali: kwa nini napata sifuri, na ninunue kadi zipi kwa laki mbili?

AsaliMbichi (Tabora)
Habari za jioni wakuu. Fantasi ya ligi ya Uingereza naimudu, huku kwenye besiboli ndiko napigwa chenga. Nimeingia Sorare, ule mchezo wa kupanga vikosi kwa kadi za wachezaji halisi, upande wa MLB (ligi kuu ya besiboli ya Marekani), nachezea zile kadi za bure. Kila nikipanga kikosi, watu watatu au wanne wanarudi na sifuri, na si majeruhi, nimehakikisha. Sasa nataka kununua kadi zenyewe, zile tokeni za kuuzika, bajeti ni laki mbili. Niiweke yote kwa nyota mmoja au nisambaze? Na pesa inaingiaje bila makato kuimaliza njiani? Anayejua kwa undani anielekeze.

MgebukaMkavu (Kigoma)
Ndugu yangu wa Tabora, nyingi ya hizo sifuri zitakuwa za warushaji. Huku si kama soka, ambako kipa wako anacheza kila mechi. Anayeanza mechi kwa kurusha mpira mkono wake unachoka, kesho harudi. Timu huwa na warushaji wa kuanza watano, wakati mwingine sita, wanapokezana. Kwa hiyo kila mmoja anapanda kichuguuni (kituta cha kurushia) mara moja kwa siku tano au sita. Gemuwiki (kipindi kimoja cha kuhesabu alama) ikiwa ya Jumatatu hadi Alhamisi, mrushaji aliyeanza Jumapili zamu yake ni Ijumaa. Umempanga mtu mzima, hana jeraha lolote, na sifuri ni haki yako.

Dawa yake ni kufungua MLB.com, ukurasa wa warushaji wanaotarajiwa, kabla hujamgusa mtu. Jina likiwa bado halijatoka, hesabu mwenyewe: tarehe aliyoanza mara ya mwisho, ongeza tano, na kama timu ina siku ya mapumziko katikati (mara nyingi Jumatatu au Alhamisi) ongeza moja. Kwenye kipindi cha siku saba, tafuta aliyepangwa Jumatatu au Jumanne, maana wa Jumanne anaweza kurudi Jumapili na ukavuna mara mbili kwa kadi ileile.

Wapigaji nao wana mtego wao. Kikosi kina watu 26 lakini wanaoanza kupiga ni tisa. Mpigaji wa mkono wa kushoto mara nyingi hukalishwa benchi mpinzani akianzisha mrushaji wa kushoto, kwa sababu mpira wa kupinda humkimbia badala ya kumjia. Ukiona mpigaji wako amecheza mechi nne kati ya sita kila wiki, si bahati mbaya, ndivyo kocha wake anavyomtumia. Kadi ya namna hiyo huwa rahisi sokoni, na sababu ya urahisi ni hiyohiyo.

Halafu saa. Msimu wa kawaida, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, New York iko nyuma yetu saa 7, Chicago 8, Denver 9, Los Angeles 10. Mechi ya saa 1 jioni New York kwetu ni saa 8 usiku. Ya Los Angeles ya saa 1 jioni inaanza saa 11 alfajiri, mkiamka kuswali ndiyo wanarusha mpira wa kwanza. Orodha rasmi ya wapigaji hutoka saa tatu au nne kabla ya mechi, yaani kwa mechi nyingi za mashariki ni saa 4 hadi saa 5 usiku. Hapo ndipo pa kukagua kikosi, si baada ya kula tu saa 1. Ila angalia kikosi kinafungwa saa ngapi hasa, kwa sababu siku za mechi za mchana, mfano Cubs wakiwa kwao Chicago, mpira unaweza kuanza saa 3 na dakika 20 usiku wetu na mlango ukawa umeshafungwa.

Isevya_Juu
Mgebuka kamaliza upande wa sifuri. Mimi nije kwenye kununua.

Sorare hutoa kadi za mchezaji mmoja kwa ngazi, kila msimu: Limited 1,000, Rare 100, Super Rare 10, Unique moja tu. Kwa laki mbili wewe ni mtu wa Limited, usipoteze bando kutazama nyingine. Na usichanganye ngazi: kadi moja ya Rare bila wenzake wa kujaza kikosi ni pambo.

Usinunue jina, nunua idadi ya mara anazosimama kupiga. Tuseme jedwali la alama linatoa 10 kwa homurani (mpira ukivuka uzio), 3 kwa kila mtu anayefika nyumbani (kituo cha mwisho cha mzunguko) kwa pigo lako, nawe ukiwemo, na 3 ukifika nyumbani mwenyewe. Pigo moja la homurani kukiwa na mwenzako mmoja njiani ni 10 + 6 + 3, alama 19. Anayepiga wa pili au wa tatu kwenye orodha anapata nafasi hiyo mara nyingi kuliko wa nane, na mbele yake kuna watu wa kuwaleta nyumbani. Kwa hiyo mpigaji wa kawaida anayepiga wa pili kila siku namchukua mbele ya nyota anayetoka kwenye jeraha.

Bajeti: weka kama nusu kwa wapigaji watatu au wanne wa kila siku, robo kwa mrushaji wa kuanza mmoja mwenye afya, inayobaki mrushaji wa kumalizia. Wa kumalizia anaingia mwisho wa mechi, anaweza kuonekana mara tatu kwa wiki, na akihifadhi ushindi (akilinda uongozi mwembamba hadi mwisho) alama zake ni nyingi kwa kazi ndogo.

Angalia pia uwanja. Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Tabora yetu kama 1,200. Hewa nyepesi, mpira unaruka mbali na haupindi vizuri. Mpigaji akienda Denver mpange, mrushaji akienda Denver mpumzishe hata awe nani.

MgebukaMkavu (Kigoma)
Isevya, hapo kwa mrushaji wa kumalizia sikubaliani nawe. Kocha anaweza kumvua kazi hiyo ndani ya wiki moja kwa mechi mbili mbovu, na bei ya kadi inaanguka siku hiyohiyo. Kwa mtu wa laki mbili, nafasi hiyo aijaze kwa kadi ya bei ya chini kabisa, asiweke robo ya mtaji.

Na nyongeza: jeraha likitangazwa, mpigaji anakaa nje angalau siku 10, mrushaji 15. Ukisikia mrushaji anafanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko, hesabu mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Usinunue ukidhani umeokota.

PochiKavu
Upande wa pesa. Kadi pepe ya Visa au Mastercard unayoitengeneza kwenye pesa za simu ndiyo njia nyepesi. Jaribu kwanza kwa kiasi kidogo uone makato halisi: ada ya kadi, badilisho la shilingi kwenda dola au yuro, na ada ya kutoa. Ukikatwa asilimia 5 kuingia na 5 kutoka, laki 2 inarudi 180,500 hata kama kadi haijashuka hata senti. Ndiyo maana kununua na kuuza kila wiki ni kuwalisha wengine.

Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Tunza kumbukumbu za miamala.

Maneno ya siri ya pochi ya kidijitali yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha. Anayekuja inboksi kujiita "huduma kwa wateja" na kuyaomba ni mwizi, hakuna mjadala.

AsaliMbichi (Tabora)
Nimewaelewa, shukrani sana. La mwisho: Ohtani anarusha na anapiga pia. Kadi yake inahesabu vyote?

Isevya_Juu
Soma kanuni za shindano husika kabla ya kulipa, mchezaji wa namna yake huwa na kifungu chake. Na kwa laki mbili, mkuu, muache apite. Tafuta pia kadi ya msimu huu, si ya msimu uliopita. Za zamani ni rahisi lakini kuna mashindano haziruhusiwi.