Canon 80D na 50mm f/1.8: jicho lina ukungu, sikio kali

Mpiga_Umoja
Wadau habari za jioni. Kamera Canon 80D, lenzi 50mm. Picha za uso kwa f/1.8 (tundu la lenzi wazi kabisa), mita 1.5 hivi: nalenga jicho, ukali unaangukia sikioni. Kwa f/5.6 (tundu dogo) kasoro haionekani. Kabla ya kuipeleka kwa fundi mjini, naipimaje mwenyewe?

KiooNaSensa
Ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia, fokasi hupimwa na sensa nyingine iliyo chini ya kioo, si ile inayonasa picha. Njia hizo mbili za mwanga zikitofautiana hata kidogo, ukali unahama. Ukitumia skrini ya nyuma, 80D hupima kwa sensa ya picha yenyewe. Basi linganisha hizo mbili.

Bandika ukurasa wa gazeti kwenye katoni mezani, sambamba na kamera, mita 2. Pembeni laza rula kwa nyuzi 45, katikati yake ikiwa sawa na gazeti. Lenga gazeti, kamwe usilenge rula: eneo linalopima ni kubwa kuliko kisanduku unachokiona, litadaka namba ya karibu. Tripodi, f/1.8, nukta ya fokasi ya katikati, taima ya sekunde 2. Kabla ya kila picha zungusha pete ya fokasi hadi mwisho, kamera ilenge upya. Piga nane kwa kitundu, nane kwa skrini. Fanya mchana karibu na dirisha. Balbu za manjano zinaweza kupotosha kipimo.

Za kitundu zikikosea zote upande mmoja, ingia AF Microadjustment (menyu ya kusahihisha fokasi), chagua lenzi hiyo peke yake. Ni −20 hadi +20; ukali ukiwa nyuma, shuka hasi, anza −5, upime upya. Zikitawanyika mbele na nyuma, usiguse menyu, haitasaidia.

Baba_Pacha
Kabla ya hayo yote: unalenga kwa nukta ya katikati kisha unageuza kamera kupanga picha? Kwa mita 1.5, kugeuza nyuzi 10 kunasukuma ukali nyuma ya jicho sm 2 na kitu. Kina chako chote cha ukali hapo ni kama sm 6, yaani 3 kila upande. Mtu akiinama mbele kidogo tu, jicho limetoka. Hamisha nukta yenyewe.

Mpiga_Umoja
Ndivyo nifanyavyo, ya katikati kila mara. Na kwa kamera ya Canon 2000D, menyu hiyo ipo?

KiooNaSensa
Haina menyu hiyo mkuu. Tumia skrini, au fundi airekebishe.